Je, Wajua? Nahodha Aliyeifunga Fiji Akiwa Kocha

Benjamin Ayimba alikuwa nahodha wa timu ya raga ya Kenya kabla ya kuwa kocha wake. Raga aliyoifundisha ni ya wachezaji saba kila upande: vipindi viwili vya dakika saba, uwanja mzima, hivyo kosa moja la ukabaji huzaa trai. Mwaka 2009, Dubai, vijana wake waliing'oa Fiji, bingwa mtetezi, katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, waliichapa tena Fiji 30–7 katika fainali, taji la kwanza la Kenya katika msururu wa dunia. Na Fiji hiyo haikuwa dhaifu: Agosti ilitwaa dhahabu ya Olimpiki. Ayimba alifariki Mei 2021.