Kijana ana leseni mpya ya malori: je, trela la wazi linamfaa?

Leseni ya daraja E ilipotoka, familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam, ilishangilia kana kwamba kijana wao amemaliza chuo kikuu. Mama alikuwa amekopa kwenye kikoba ili alipie mafunzo ya magari makubwa, na marejesho yalimsubiri kila Jumamosi. Wiki tatu baadaye ikaja simu. Kuna tajiri mwenye malori anatafuta dereva wa kuanza haraka, njia ni Dar es Salaam kwenda Lubumbashi. Trela ni la wazi, lile lisilo na kuta wala paa, ambalo madereva huliita flatibedi.

Kijana alitaka kuondoka kesho yake. Baba aliuliza mshahara. Mama alinyamaza, kichwani akipiga hesabu za kikoba. Aliyewasimamisha wote ni baba mdogo wa kijana, aliyeendesha malori kwa miaka mingi mpaka mgongo ulipomkatalia. Hakuuliza mshahara.

"Umeshawahi kufunga mzigo, baba?"

Hajawahi.

Hapo ndipo penye swali ambalo wazazi wengi hawajui kuliuliza. Mafunzo ya udereva humfundisha mtu gari: gia, breki za upepo, kurudi nyuma na trela, alama za barabarani. Lori la bodi iliyofungwa au lenye kontena linaweza kumtosha mtu mwenye ujuzi huo, kwa sababu mzigo umo ndani, mara nyingi mlango umepigwa lakiri, na kazi yake kubwa ni kuufikisha. Hata hapo bado ana ya kukagua, kama loki zinazoshika kontena kwenye trela. Lakini kwenye trela la wazi, kinachozuia mzigo usiondoke ni minyororo, mikanda na akili ya aliyeifunga. Leseni haioneshi kama akili hiyo ipo.

Tuseme lori limepakia tani 28 za nondo au koili za chuma kwenda, na mabamba ya shaba kurudi. Linateremka Kitonga, mkoani Iringa, kona baada ya kona, na mbele basi linasimama ghafla. Dereva akikanyaga breki gari linapunguza mwendo, lakini mzigo unataka kuendelea na safari. Kama haukukazwa vizuri utateleza mbele, na mbele kuna kabini. Akikata kona kwa kasi, utavutwa pembeni. Mzigo mrefu kwenda juu ni hatari zaidi, kwa kuwa uzito ukikaa juu lori hupinduka kirahisi.

Kwa hiyo kufunga mzigo kuna hesabu. Kanuni za Marekani, ambako kazi hii ina wataalamu wengi, zinataka nguvu ya vifungio vyote kwa pamoja isipungue nusu ya uzito wa mzigo. Zinamtaka pia dereva asimame akague ndani ya kilomita 80 za kwanza, kisha kila baada ya kilomita 240 au saa tatu, lolote litakalotangulia. Kwa anayetoka Bandari ya Dar es Salaam, ukaguzi wa kwanza unamkuta bado hajafika Chalinze. Sababu yake inaeleweka: mzigo uliotikiswa hukaa upya, na mkanda uliokuwa umekaza asubuhi hulegea. Mkanda unaopita kwenye kona kali ya chuma bila kinga nao hukatika polepole, na dereva hasikii chochote.

Halafu kuna mizani. Uzito wa juu wa lori na mzigo wake nchini ni tani 56, lakini lori linaweza kuwa ndani ya kiwango hicho na bado likakamatwa, kwa sababu kila kundi la ekseli lina kikomo chake. Ekseli tatu za nyuma ya trela zenye matairi pacha hazitakiwi kuzidi tani 24. Mzigo ukisogea kidogo njiani, uzito nao umehama. Dereva mpya anaweza kutoka yadi akiwa salama, akafika mizani ya mbele akiwa na kosa asilojua amelifanya wapi.

Baba mdogo alitumia muda mrefu zaidi kwenye turubai, jambo ambalo wengine walidhani ni dogo. Saruji au mbolea ikinyeshewa imekwisha. Turubai kubwa likilowa ni zito, linavutwa na upepo, na anayelitandaza anatembea juu ya mzigo uliokaa kwenye sakafu ya trela yenye urefu wa karibu mita moja na nusu kutoka ardhini. Kuanguka kutoka hapo si jambo la kusimulia kwa kicheko. Mgongo wake mwenyewe, alisema, haukuharibiwa na usukani.

Je, basi kijana akatae? Si lazima. Kazi hii ina wenyewe, na wengine huipenda kuliko zote. Mzigo unapakiwa kwa winchi kutoka juu au pembeni, na anayejua kufunga chuma, mashine na mabomba huwa na ujuzi ambao si kila mwenye leseni anao. Tatizo ni kuanza peke yake, bila mtu wa kumwonesha.

Na hapa mzazi ana kitu ambacho tajiri hana: anamjua mwanawe. Kijana akifunga godoro juu ya bajaji, anageuka kulitazama au anaendelea na simu? Akiambiwa rudia, anarudia au ananuna? Ana pumu, henia, au anaogopa kupanda juu? Mwenye haraka anaweza kuwa dereva mzuri wa kitu kingine. Trela la wazi linamtaka mtu wa kushuka garini kwenye jua la Makambako au mvua ya Mbeya, akagusa mnyororo mmoja mmoja hata kama utingo ameshamwambia kila kitu kiko sawa.

Tajiri naye aulizwe, kwa adabu. Nani atamfundisha kufunga, na kwa safari ngapi? Mikanda na minyororo ni mizima, au imeungwa kwa mafundo? Mzigo ukiharibika, nani analipa? Mkataba upo kwa maandishi? Michango ya NSSF inakatwa na kupelekwa? Mwajiri amejisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao humlipa anayeumia kazini? Kijana asiye na karatasi yoyote akianguka kutoka kwenye turubai akiwa Tunduma, wa kumuuguza atakuwa mama yake wa Mbagala. Njia ya Lubumbashi inahitaji pia pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na gharama hizo zijulikane mapema ni za nani.

Familia ile ilikaa siku mbili. Kijana alikasirika, alisema nafasi itachukuliwa na mwingine, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Mwisho alimpigia tajiri mbele ya baba mdogo, akaomba safari mbili za kwanza akae pembeni ya dereva mzoefu, kwa posho ndogo. Tajiri aliguna, akasema atafikiria. Jioni akapiga: aje na begi lake.

Mama alikwenda kikoba kuomba asogezewe marejesho kwa miezi miwili. Walimkubalia, kwa faini.

Simu ya kwanza ilitoka Mikumi, usiku. Mama alitaka kujua kama amekula. Kijana alimwambia wamesimama mara tatu tangu asubuhi, kwamba mkanda wa nyuma ulikuwa umelegea, na kwamba mzee hakuukaza mwenyewe. Alimpa yeye aukaze, kisha akaufungua wote na kumwambia aanze upya.

"Sasa umekula?" mama akauliza tena.