TUZO KWA UTAFITI WA UGONJWA WA KICHWA KIKUBWA

Mwaka 2012 Mfuko wa MacArthur wa Marekani ulimtunukia Dkt. Benjamin Warf dola 500,000 kwa kutambua kazi aliyoianza katika Hospitali ya Watoto ya CURE, mjini Mbale, Uganda. Kazi hiyo yahusu watoto wachanga wenye ugonjwa wa kichwa kikubwa, ambao maji hujaa kichwani na kuudhuru ubongo.

Matibabu yaliyozoeleka ni kutia mrija. Mrija ukiziba, mtoto huhitaji upasuaji wa haraka, jambo gumu kwa mkazi wa kijijini kama Mwimbi. Dkt. Warf alifungua njia ya maji ndani ya ubongo na kuchoma tishu ziyatengenezazo, bila kuacha mrija.

Wazazi wanakumbushwa kumpeleka zahanati mapema mtoto ambaye kichwa chake chakua upesi kupita kiasi.