Unene wa Barafu Ndani ya Tope la Sanpoil

Mto Sanpoil hauna umaarufu wowote. Unashuka kuelekea kusini katika pembe ya kaskazini-mashariki ya jimbo la Washington, Marekani, hadi unapokutana na Mto Columbia, na msafiri anayepita njia ya bondeni hana sababu ya kugeuza shingo. Hata hivyo, katika bonde hilo kuna tope la ziwa la kale, na tope hilo limetunza habari za ukuta wa barafu uliosimama zaidi ya kilomita 150 upande wa mashariki: unene wake, na jinsi ulivyokonda hadi ukatoweka.

Ukisogelea mahali ambapo tope hilo limekatwa wima, unaona michirizi myembamba imepangana miwili miwili, mmoja mweupe-mweupe, mwingine wa rangi iliyokoza. Kiangazi, barafu ilipoyeyuka, vijito viliingiza ziwani vumbi la mawe. Majira ya baridi uso wa ziwa uliganda, maji yakatulia, na chembe laini kuliko zote zikapata nafasi ya kutua chini. Jozi moja ya michirizi ni mwaka mmoja. Unahesabu miaka thelathini, arobaini, kisha ghafla unakutana na tabaka nene la mchanga. Juu yake michirizi inaanza upya.

Mchanga huo una jambo la ajabu. Mistari ya mkondo iliyobaki ndani yake inaonyesha kwamba maji yaliyouleta yalikuwa yakipanda bonde, si kushuka. Mto haupandi. Kwa hiyo gharika ilitokea upande wa Columbia, ikasukuma maji kinyumenyume hadi ndani ya bonde la Sanpoil.

Ilitoka wapi? Katika enzi ya mwisho ya barafu, wakati ambapo hata barafu ya Rwenzori, Mlima Kenya na Kilimanjaro ilikuwa imeshuka chini kuliko ilivyo leo, bamba kubwa la barafu lilifunika magharibi mwa Kanada. Ulimi wake mmoja uliingia Idaho ukaziba Mto Clark Fork. Nyuma ya kizuizi hicho maji yakajaa katika mabonde ya Montana, likazaliwa Ziwa Missoula, lenye kina cha mita 600 hivi penye ukuta wa barafu. Lilipojaa kabisa lilikuwa na maji zaidi ya kilomita za ujazo 2,000, kiasi kisicho mbali sana na maji yote ya Ziwa Victoria. Mistari ya fukwe zake ingali inaonekana kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Missoula.

Ukuta ulipovunjika, ziwa lilimwagika kwa siku chache. J Harlen Bretz wa Chuo Kikuu cha Chicago ndiye aliyetangaza mwaka 1923 kwamba makorongo makavu ya mashariki mwa Washington yamechongwa na gharika. Wenzake walimpinga vikali, hasa katika mkutano wa mwaka 1927 mjini Washington, D.C., kwa kuwa hakuweza kuwaonyesha chanzo cha maji mengi kiasi hicho. Joseph Pardee, aliyekwisha kuandika habari za Ziwa Missoula tangu 1910, alitoa mwaka 1942 ushahidi kwamba ziwa hilo lilimwagika kwa kasi kubwa. Bretz alipewa Nishani ya Penrose mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 96.

Kisa cha Bretz kimesimuliwa sana, na kinastahili. Lakini majabali yaliyochongwa yana upungufu mmoja: gharika ya mwisho hufuta alama za zile zilizotangulia. Anayetaka kujua idadi ya gharika hizo hana budi kwenda kwenye mabonde ya pembeni, ambako maji yalipoteza nguvu yakaacha mzigo wake.

Richard Waitt wa Idara ya Jiolojia ya Marekani alifanya hivyo karibu na Walla Walla, kusini mwa Washington. Huko kuna korongo la Burlingame, lililochimbwa na maji ya mfereji wa umwagiliaji yaliyoelekezwa kando mwaka 1926. Kuta zake zinaonyesha matabaka yapatayo arobaini, kila moja likianza na mchanga chini na kuishia na tope laini juu. Je, ni mawimbi arobaini ya gharika moja, au gharika arobaini? Waitt alikuta kati ya matabaka hayo vumbi lililoletwa na upepo, mashimo ya panya, na majivu ya volkano ya Mlima St. Helens yaliyotua juu ya ardhi kavu. Panya hachimbi shimo chini ya maji. Mwaka 1980 akatangaza kuwa gharika zilikuwa kama arobaini.

Sanpoil ndiyo iliyoongeza kile ambacho Burlingame haina, yaani miaka. Mwaka 1984 Brian Atwater, wa idara hiyohiyo, alichapisha hesabu ya michirizi kati ya matabaka kumi na manne ya gharika: kila gharika ilifuata nyingine baada ya miaka 35 hadi 55. Miaka miwili baadaye idadi ilifika gharika 89 katika bonde hilo moja. Kuelekea juu, vipindi vinazidi kuwa vifupi, mpaka vinabaki vya miaka michache tu.

Hapa ndipo tope linapozungumza juu ya barafu. Barafu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukuta wake huanza kunyanyuka maji yanapofikia takribani sehemu tisa kati ya kumi za kimo chake. Yakipata upenyo chini, huupanua, na ziwa linamwagika. Ukuta mnene hudai maji mengi, na ziwa huchukua miongo kujaa. Ukuta mwembamba hushindwa mapema. Vipindi vinavyofupika katika tope la Sanpoil ni barafu inayokonda. Barafu yenyewe imekwisha yeyuka, lakini mwenendo wake unahesabika, mwaka kwa mwaka, kwa mtu mwenye kisu, rula na subira. Kwa maoni yangu, hakuna sehemu ya utafiti huu wote inayoshinda hiyo kwa uzuri.

Kanuni hiyo haijastaafu. Katika Kirgizistani, Ziwa Merzbacher limezibwa na barafu ya Inylchek, na karibu kila mwaka hujaa, hupenya chini ya kizuizi chake na kumwaga maji kwa wanaoishi bondeni.