Ganuni ya ami na Casio ya chini ya kitanda: nilichojifunza na binti yangu

Simu ya ami yangu ilikuja Ijumaa baada ya sala, tukiwa bado mezani. Hakuzungusha maamkizi kama kawaida yake. "Mwambie huyo mtoto," alisema kutoka Unguja, "sauti yake nimeifungua mara tatu. Ganuni sijaisikia. Nimesikia mtu anapumua tu."

Binti yangu wa miaka 16 akaweka kijiko chini. Sauti ile alikuwa ameikeshea siku mbili. Kwenye hedifoni ilikuwa inajaa kichwa kizima, mimi mwenyewe niliisikia. Kwenye simu ya babu yake haikuwepo.

Wazazi wenzangu, watoto wetu hapa Dubai wanajifunza mambo ambayo sisi hatuyajui hata jina. Kawaida yetu ni kuuliza: "Lina faida gani? Mtihani je?" Na mimi niliuliza hivyo hivyo, na baba yao akauliza zaidi. Leo nataka kueleza kwa nini niliacha kuuliza na nikakaa chini kusikiliza.

Mashine iliyolala karibu miaka 40

Ami alikuwa mpiga ganuni. Wasiokulia kwenye taarab, ganuni ni ile ala bapa inayowekwa mapajani, yenye nyuzi zaidi ya 70, inayopigwa kwa risha zilizofungwa vidoleni kwa pete. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash alimtuma mtu wake Misri kwenda kujifunza ganuni na kurudi nayo Unguja. Kwa hiyo kusafiri kwa ajili ya ala si jambo geni kwetu.

Mwaka 1986 ami alikuja Dubai, wakati ule watu wa Unguja walipoanza kuja kwa wingi kuchukua bidhaa. Kwenye maduka ya Al Fahidi, Bur Dubai, akanunua kinanda kidogo cha Casio, CZ-101. Usiku ule alikipiga kwenye fleti ya wazazi wangu Deira mpaka alfajiri. Asubuhi akakifunga kwenye kanga, akampa mama yangu, akasema, "Hichi hakina pumzi." Akarudi kwao mikono mitupu.

Miaka ya 1990 ikaja taarab ya kisasa, enzi za East African Melody na wenzao, na vinanda vikashika nafasi. Mtu mmoja na kinanda kimoja akawa anafanya kazi ya fidla, ya akodiani na ya ganuni. Harusi zilizomwita ami zikapungua. Hakulalamika, lakini neno "kinanda" ukilitaja mbele yake, anabadilisha mazungumzo. Miaka miwili iliyopita akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea. Ganuni ikapandishwa juu ya kabati. Katika ukoo wetu hakuna aliyejifunza. Sisi watoto wa Ghuba tulisoma uhasibu.

Basi fikirieni nilivyosita pale binti yangu alipoivuta ile kanga kutoka chini ya kitanda cha mama na kuuliza, "Hii nini?" Betri zilikuwa zimevuja ndani. Fundi mmoja alisafisha kutu kwa siki, akaibadilisha waya mbili, akatia adapta. Ikawaka.

Fezi ni nini?

Binti yangu alianza kunisomesha. Neno lenyewe mnalijua: mafundi umeme wa kwetu husema "umeme wa thrii fezi". Kwenye sauti, fezi ni mahali wimbi lilipofika katika safari yake.

Mfano alionipa ni wa abra. Abra inatoka Deira, inavuka khor mpaka Bur Dubai, inarudi Deira. Huo ni mzunguko mmoja. Ukiniuliza saa hii abra iko wapi katika mzunguko wake, umeuliza fezi yake. Abra mbili zikiondoka pamoja na kurudi pamoja, fezi ni moja. Moja ikiwa Deira wakati nyingine iko Bur Dubai, fezi zao zimepingana. Sauti nayo ni mzunguko, ila ni wa haraka mno: noti ambayo wanamuziki wengi hutumia kulinganishia ala inazunguka mara 440 kwa sekunde.

Sasa, Casio ile ya mwaka 1984 inafanya ujanja mmoja. Ndani yake kuna jedwali lenye umbo la wimbi moja laini, na kihesabu kinachosoma jedwali hilo mwanzo mpaka mwisho, kisha kinaanza tena. Kikisoma kwa mwendo mmoja, sauti inatoka laini kama filimbi. Casio inakiharakisha kihesabu mwanzoni na kukichelewesha mwishoni. Ni kama nahodha wa abra anayekwenda mbio na kurudi polepole. Safari nzima inachukua muda ule ule, kwa hiyo noti haibadiliki. Lakini umbo la wimbi limepinda, na sauti imepata makali.

Na makali hayo unaweza kuyapunguza kadiri muda unavyopita, kwa hatua mpaka nane. Anza na makali mengi, yashushe haraka, malizia laini. Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Hivyo ndivyo uzi unavyolia ukiguswa na risha: mwanzo mkali, mwisho mtulivu.

Mwaka mmoja kabla ya Casio hiyo, Yamaha walikuwa wametoa DX7, mashine ya karibu dola 2,000 huko Marekani, wakati CZ-101 iliuzwa chini ya dola 500. DX7 inatumia njia aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Watu huiita FM, lakini ndani yake kinachofanyika ni kusukuma fezi: wimbi moja halisikiki lenyewe, kazi yake ni kulisukuma wimbi jingine mbele na nyuma njiani, kama abra inayotikiswa na boti kubwa iliyopita. Sukuma kidogo, unapata filimbi. Sukuma sana, unapata kengele, bati, kioo.

Sauti iliyojimeza

Turudi kwenye simu ya Ijumaa. Binti yangu alitaka ganuni yake isikike pana, kama imekaa ukumbini. Akaichukua sauti moja, akaiweka sikio la kulia na la kushoto, kisha upande mmoja akaugeuza fezi: pale la kulia linapopanda, la kushoto linashuka. Kwenye hedifoni kila sikio linapata chake, na ubongo unasema, "Lo, pana hii!"

Lakini simu ya ami ina spika moja. Ilizichanganya pande mbili, na zikamezana. Moja kujumlisha, moja kutoa, jawabu sifuri. Kilichobaki ni ule mwangwi mdogo aliokuwa ametia juu yake, ambao haukugeuzwa. Hiyo ndiyo pumzi aliyoisikia mzee.

Ukifikiri haya ni ya wataalamu tu, kumbuka harusi uliyowahi kwenda ambako besi ilipotea katikati ya ukumbi, DJ anaongeza sauti na hakuna kinachobadilika. Mara nyingi ni spika moja ambayo waya zake zimeunganishwa kinyume. Spika moja inasukuma hewa, nyingine inavuta. Geuza waya upande mmoja tu, besi inarudi.

Mtoto alilia kidogo, wallahi, kisha akarekebisha akatuma tena. Siku ya pili jibu likaja. Safari hii ami alikuwa amesikia vizuri, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Hiyo ni uzi mmoja," alisema. "Ganuni ina nyuzi tatu kwa kila noti. Umempa mama yako uzi mmoja ukamwambia ni ganuni."

Nyuzi tatu

Kuanzia hapo nikawa mimi ndiye nashika simu, mmoja anaongea Unguja, mwingine anazungusha vibonye Mirdif. Ami alieleza jinsi alivyokuwa akitia ganuni yake sawa kwa ufunguo. Unapiga nyuzi mbili, unasikiliza. Kama haziko sawa utasikia sauti inavimba na kunywea: wuu, wuu, wuu. Kadiri unavyokaribia, ile wuu inakuwa ya polepole.

Binti yangu akaruka kitini. "Babu, hiyo ni fezi!" Na kweli. Uzi mmoja ukizunguka mara 440 kwa sekunde na wa pili mara 441, kila sekunde unampita mwenzake mzunguko mmoja kamili. Wakikutana, sauti inavimba. Wakipingana, inanywea. Mara moja kwa sekunde, basi. Zikiwa 440 na 443, mara tatu. Mzee hakuwahi kusoma hesabu hiyo, lakini sikio lake lilikuwa likiifanya kwa zaidi ya miaka 40.

"Na mimi sikuwa nikiiua kabisa ile wuu," akasema. "Niliacha kidogo sana, iwe ndefu. Ukiiua yote, imekuwa bati."

Casio inaweza kutoa mawimbi mawili kwa noti moja na kuyaachanisha kidogo. Lakini uzi wa tatu hakuna. Binti yangu akaazima kwa rafiki wa skuli sinthesaiza ndogo ya analojia, akaifanya uzi wa tatu. Hapo nikajifunza tofauti ya mashine za aina hizi mbili, tofauti ambayo watu hubishana nayo sana bila ya kuisikiliza.

Kwenye mashine nyingi za kidijitali unaweza kuamuru wimbi lianze pale pale kila unapobonyeza. DX7 ina kibonye cha kazi hiyo. Ukikiwasha, kila pigo linafanana na lililotangulia, kama muhuri. Osileta ya analojia ni saketi inayozunguka saa zote, hata kama hujagusa kitu. Kibonye kinafungua mlango tu. Kila ukifungua, unaikuta mahali pengine katika safari yake. Pigo la kwanza na la pili haliwi moja. Na ile tuliyoazima ilihama kila chumba kilipopata joto. Tukizima eisi ili turekodi bila ya kelele, baada ya dakika kumi imeshatoka kwenye noti.

Nilipomwambia ami hilo, akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue. "Kumbe nayo inaumwa na hewa! Ganuni yangu masika ngozi ilikuwa inalegea, kila saa ufunguo mkononi."

Kwa mzazi anayetaka kuanza

Usikimbilie kununua. Kuna programu za bure: Dexed inafanya kazi kama DX7, Surge XT ina njia nyingi za kuunda sauti, na VCV Rack inamfundisha mtoto kuunganisha waya kama za mashine za analojia. Laptopu ya skuli na hedifoni zinatosha kwa miezi ya kwanza.

Mpe mazoezi matatu. La kwanza, achukue mawimbi mawili, moja 440 na jingine 441, ahesabu wuu kwa saa ya mkononi. La pili, achukue sauti moja mara mbili, ageuze fezi ya moja, azichanganye, asikilize kimya kinachotokea. La tatu, aunde sauti ya ala iliyomo katika familia yenu, kisha ampelekee mzee anayeijua. La tatu ndilo gumu. Na kabla ya kutuma chochote, asikilize kwenye spika moja ya simu.

Wala msiseme haya ni mambo ya wenzetu. Halim El-Dabh, Mmisri, mwaka 1944 alirekodi Cairo sauti za wanawake katika ngoma ya zaar kwa mashine ya waya, akazibadilisha studio mpaka zikawa muziki mpya. Ni miaka 40 kabla ya Casio yetu.

Mitihani? Tumekubaliana mashine inafunikwa saa tatu usiku. Fizikia yake imepanda, lakini sitaki kuwauzia kwa sababu hiyo.

Wiki iliyopita tulituma sauti ya nyuzi tatu. Ami alikaa kimya muda, mpaka nikadhani laini imekatika. "La tatu linavuta vizuri," akasema. "Ila noti ya sika haijakaa. Hicho kinanda hakina robo."

Binti yangu akaanza kueleza atakavyoitafuta robo. Ami akamkatiza.

"Likizo ya skuli njooni. Ganuni nitaiteremsha. Yeye atazungusha ufunguo, mimi nitasikiliza."