Jasmini ya nyuma ya nyumba

Kila mara mu ukurasa huu tunaongea mishahara, kontra na ajali. Leo ninaomba tuongee maua. Musiseme delege amechoka na mapigano. Someni mpaka mwisho, mutaona kama hii nayo ni habari ya sendika.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua imeanza. Kompanyi yenye nilikuwa natumikia ilikuwa imeturudisha ku nyumba, miezi mitatu bila mushahara. Siku moja bibi yangu akatoka kanisani na vijiti vitano vya kijani, vimefungwa mu kitambaa chenye maji.

Nikamuuliza: « Mama, hii ni mboga? »

« Hapana baba, ni jasmini. »

Nikakasirika. Unga ya bukari ilikuwa inaisha mu mufuko, na yeye analeta maua! Nikamwambia: « Basi tutaipika na chumvi? » Hakujibu. Akaenda kuipanda nyuma ya nyumba, pale karibu na bafu ya inje, si mbele kwenye wageni wanapita. Sikuuliza sababu.

Vijiti viwili vikafa. Tatu vikashika, lakini majani yakawa manjano, muti haukue. Jirani yetu, muzee wa retrete mwenye alitumika miaka mingi mu bustani za wakubwa, akaja kuona. Akachimba kidogo na kisu, akatoa jiwe, akalipangusa ku suruali yake. Lilikuwa na rangi ya kijani.

« Nani alijaza hii lupango? »

Nikasema ni mimi. Wakati nilinunua, kulikuwa shimo. Nikalipa lori ilete majabali na udongo wa mugodi, sababu ilikuwa bei ya chini. Wengi mu kartiye walifanya vile.

Muzee akasema: « Hii ni shaba, mwana wangu. Muti unataka shaba kidogo sana. Ikipita kipimo, inachoma mizizi, na majani yanakosa chakula. » Kisha akageuka, akaangalia matuta ya lengalenga ya bibi yangu, hatua sita tu kutoka pale. Akauliza pole pole: « Na ile mboga, batoto banaikula? »

Siku ile sikulala vizuri. Maua yalikuwa yametuonyesha kitu chenye mboga ilitufichia. Lengalenga inaweza kukua vizuri mu udongo wa namna ile, ikawa na majani makubwa ya kijani, kumbe inavuta madini na kuyaweka mu majani. Mutu anaangalia anasema ni nzuri. Tukang'oa yote. Leo mboga zetu ziko mu matuta ya juu, yenye tulizungusha na matofali na kujaza udongo tulioleta mbali na mugodi. Na tunaziosha na maji safi mara mbili, mara tatu, sababu vumbi inaanguka ku majani pia.

Sasa niwaambie namna tuliponyesha ile jasmini, sababu wengi wananiuliza.

Kwanza, ujue ni jasmini gani unapanda. Ku mangini yetu utakutana na za namna mbili. Moja iko na majani mazito ya kuviringa, maua meupe yanafunguka magaribi na kuanguka kesho yake. Hii inapenda joto. Wenzetu wa pwani, Mombasa na Zanzibar, wanaiita asumini, na bamama wanaitia mu nywele. Ingine iko na majani madogo madogo, na vitumba vyake viko na rangi ya roze mbele ya kufunguka kuwa meupe. Hii inatoka ku China, inapanda sana, na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba haiisumbue. Baridi njo inaitayarisha kutoa maua. Yetu ni hii ya pili. Chunga jambo moja: kama unakata tawi na linatoa maziwa meupe, ile si jasmini. Miti mingi ya maua ya manjano yenye iko mu lupango zetu inatoa maziwa, na ingine iko na sumu. Usiiache karibu na batoto.

Pili, udongo. Tulichimba shimo la nusu metre kwenda chini na nusu metre upana, tukatupa ile takataka yote ya mugodi. Tukajaza udongo wa kichuguu. Sisi watu wa Katanga tuko na bahati: vichuguu vyetu ni vikubwa kama nyumba, na udongo wake uko na chokaa nyingi kuliko udongo mwekundu wa kawaida. Chokaa inapunguza nguvu ya shaba ku mizizi. Lakini ni udongo wa kushikamana, hata matofali tunafanya nayo. Kwa hiyo changa nayo majani yaliyooza na mavi ya kuku ya zamani. Mavi mapya yanachoma.

Tatu, vijiti. Kata tawi lenye halijakomaa sana wala si laini sana, urefu wa kidole kirefu na nusu, liwe na vifundo vitatu. Toa majani ya chini. Ingiza vifundo viwili mu udongo wenye maji, mu chupa ya plastiki yenye umekata, uweke ku kivuli. Wiki ine mpaka sita, mizizi inatoka. Muzuri zaidi ufanye vile mvua ikianza. Njia ingine ni kulaza tawi refu chini bila kulikata, kulifunika na udongo kidogo na kuliwekea jiwe. Kisha miezi mitatu hivi linakuwa na mizizi yake, unalikata na kulihamisha.

Ine, njia ya kupanda. Huu muti hauna miiba wala makucha, unajizungusha. Upatie matete ao kamba. Na tafazali, usikate kabo ya kompanyi! Nimetetea watu mbele ya wakubwa kwa sababu nyingi, lakini sitaki kwenda kutetea mutu juu ya kamba ya maua. Usiuache upande juu ya malata. Jua unataka masaa tano ao sita kila siku. Maji, mu kiangazi, mara mbili kwa wiki, asubui. Bidudu bidogo bya kijani bikija, maji na sabuni kidogo inatosha. Maua yakiisha, kata sana bila huruma. Usipokata, jasmini hii inameza lupango yote na kuruka kwa jirani, maana kila tawi lenye linagusa chini linaota mizizi.

Yetu ilitoa maua mwaka wa pili, mwezi wa nane, wakati vumbi ni nyingi na mvua bado. Nilikuwa nimerudi ku kazi, ku kompanyi ingine, posti ya usiku. Ile asubui nikafika na salopeti yangu, viatu vyeupe na vumbi. Kama kawaida nikataka kuingia na mlango wa mbele, mutoto wetu mudogo anakimbia kunikumbatia. Bibi yangu akasimama mu mlango.

« Hapana baba. Pitia nyuma. »

Nikapita nyuma. Harufu ikanikuta mbele sijaona maua. Ukuta wote wa bafu ulikuwa mweupe. Hapo chini alikuwa ameweka kiti, ndoo ya maji, sabuni, nguo safi, na musumari mukubwa wa kutundika salopeti. Akasema: « Nilikuwa nakuambia kila siku uvue inje, unasema mwanaume hawezi kuvua nguo mu vumbi kama mutu asiye na nyumba. Sasa uko na nyumba pale. »

Basi njo maana alipanda nyuma. Tangu siku ile sibebe mutoto mbele sijaoga. Salopeti inafuliwa peke yake, si pamoja na nguo za batoto, na maji yake yanaenda mu shimo lake, mbali na mboga na kisima.

Niseme wazi ili mutu asidanganyike: jasmini haiondoe shaba wala kobalti mu hewa. Majani yanashika vumbi kidogo, ni hiyo tu. Kitu chenye kinalinda mutoto ni maji, sabuni na nguo yenye imebaki inje. Maua yanasaidia baba akubali kusimama pale.

Na tena, ile bafu haikupaswa kuwa kazi ya bibi yangu. Mufanyakazi angepaswa kuacha vumbi kule kule kazini: bafu yenye maji, kabati mbili, moja ya nguo ya kazi na moja ya nguo ya ku nyumba, na mahali pa kufulia. Kode ya kazi ya mwaka wa 2002 inaongea kamati ya usalama, usafi na kupamba mahali pa kazi. Kupamba, ndiyo, neno limeandikwa mule! Kwenye kamati iko, uliza mara ya mwisho ilikutana lini. Kwenye haiko, uliza kwa nini. Mimi niliuliza kwetu. Bafu tumepata mbili, kwa watu wengi sana, na maji hayakosi kukatika. Tunaendelea kuuliza.

Wakati wa ile mikutano ninabeba vijiti vya jasmini mu mufuko. Mutu akiniambia kama sendika haimupatie kitu, ninamupatia kijiti kimoja. Ninamwambia apande nyuma, karibu na ndoo.