Maduka ya Masalio katika Marekani na Mageuzi Yake

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walizijua bidhaa za Massachusetts tangu zamani. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na merikebu za Salem zikawa zikileta Unguja ile nguo ngumu ya pamba iliyopewa jina la merikani. Katika jimbo hilohilo, karne iliyofuata, yalisitawi maduka ya namna ya peke yake, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza masalio ya biashara za watu wengine. Makala haya yanakusudia kueleza maduka hayo yalivyokuwa, yalivyogeuka, na kwa nini Wamarekani wengi wanayakumbuka kwa majonzi.

Kwanza yafaa tujue masalio hutoka wapi. Tuseme kiwanda kimefanya jozi elfu kumi za viatu, na wanunuzi wametokea wa elfu saba tu. Msimu umekwisha, na viatu vya mtindo mpya vyangoja nafasi ghalani. Au duka limefilisika, na wadai wake wataka fedha kabla ya kila kitu. Au ghala limeungua upande mmoja, shirika la bima limelipa hasara, na sasa shirika hilo lamiliki mashuka yenye harufu ya moshi. Katika hali zote hizo mwenye mali hatafuti tena faida, bali njia ya kutua mzigo. Wahenga walisema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Lakini mfanyabiashara wa masalio aliishi kwa kujua kwamba mara nyingine kizuri nacho hulazimika kujitembeza, si kwa aibu yake, bali kwa kukosea saa au mahali.

Duka mashuhuri kupita yote lilikuwa chini ya ardhi. Mwaka 1909 Edward Filene alifungua katika mji wa Boston, chini ya duka kubwa la jamaa yake, mahali palipoitwa Filene's Basement. Kila kitu kiliandikwa tarehe ya kuingia. Kikikaa siku 12 za mauzo bila ya kununuliwa, bei ilipunguzwa robo. Zikitimia siku 18, nusu. Zikitimia siku 24, robo tatu. Kikipita siku 30 kilitolewa sadaka. Hapakuwa na haja ya kupatana bei, kwa kuwa kalenda ndiyo iliyopatana kwa niaba ya mnunuzi. Alilobakiwa nalo mnunuzi ni kupima moyo wake: anunue koti leo, au angoje wiki moja na huku akiogopa mkono wa mwingine?

Mwaka 1964, huko Hingham, kusini ya Boston, Jerry Ellis alianza kuuza masalio katika jengo la kiwanda cha zamani cha meli. Jengo lilikuwa na nambari 19, na duka likaitwa Building 19. Matawi yaliyofuata yalipewa majina ya mzaha yenye sehemu za hesabu, kama vile 19 na nusu. Kahawa ilitolewa bure, na matangazo yake yalikuwa michoro ya kuchekesha iliyowatania mwenye duka na bidhaa zake mwenyewe. Huo haukuwa upuuzi. Mtu akwambiaye waziwazi kwamba zulia hili liliokolewa katika moto amekupa habari unayohitaji ili uamue.

Katika Ohio, Sol Shenk aliifanya kazi hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Kampuni ya magari ya DeLorean, iliyokuwa na kiwanda chake karibu na Belfast, ilipofilisika mwaka 1982, kampuni ya Shenk ilinunua magari na vipuri vilivyosalia. Mwaka huohuo ilifungua duka la kwanza la Odd Lots katika mji wa Columbus. Kutokana na mbegu hiyo ulimea mti ulioitwa Big Lots, wenye matawi zaidi ya 1,000.

Hapo ndipo mageuzi yalipoanza, kwani masalio ni mavuno ya bahati, na bahati haiagizwi. Duka moja laweza kushiba kwa ajali za wengine. Maduka elfu hayawezi. Rafu zao zataka kujazwa kila wiki kwa namna moja. Basi makampuni makubwa yakaanza kuagiza bidhaa zilizofanywa makusudi kwa ajili yao, na Big Lots ikaegemea zaidi samani na vitu vya kawaida. Wakati huohuo kompyuta ziliwafundisha wenye viwanda kukadiria mahitaji, hata makosa makubwa ya hesabu yakapungua. Wengine wakafungua maduka yao wenyewe ya kuuzia mabaki. Na intaneti ikampa kila mwenye mzigo soko la dunia nzima. Filene's Basement ilifungwa mwaka 2011, na Building 19 ikafilisika mwaka 2013. Big Lots iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2024, na sehemu tu ya maduka yake ikapata mmiliki mpya.

Hata hivyo bei nafuu haikutoweka Marekani. Pengine imeenea kuliko zamani. Basi watu wanalilia nini? Lugha yetu yatusaidia kujibu, maana tunapambanua rahisi na hafifu. Koti la masalio lilikuwa rahisi: lilishonwa kuwa koti zuri, likapunguziwa bei baadaye. Koti lililoagizwa ili liuzwe kwa bei ya chini tangu mwanzo laweza kuwa hafifu, kwa kuwa bei ndiyo iliyotangulia, na nguo na uzi vikakatwa kuifuata. Kwa macho, vitambulisho vya bei vya makoti hayo mawili havina tofauti.

Haki yataka tuseme pia kwamba maduka ya zamani hayakumfaa kila mtu. Mama aliyehitaji viatu vya mtoto kwa ajili ya shule siku ya pili hakuweza kungojea bahati, wala kufurahia jozi nzuri zisizokuwa na saizi yake. Kwake yeye, rafu iliyojaa daima ni neema. Lakini mwenye fedha kidogo ndiye aumizwaye kwanza na kitu hafifu, kwani hukinunua mara mbili. Maduka ya masalio yalimpa, japo kwa kubahatisha, nafasi ya kumiliki kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mwenye uwezo zaidi yake. Nafasi hiyo ndiyo iliyopungua, nayo yastahili kukumbukwa.