Usipite mbio, litazame hili gudulia

Uko kwenye matatu, simu mkononi, unapitisha picha moja baada ya nyingine. Mara unakutana na gudulia. La udongo tu, la kijivu, lenye ua la buluu tumboni. Usipite, msee. Hiyo si picha ya kamera. Ni mchoro wa rangi ya maji.

Angalia pale begani palipong'aa. Utadhani mchoraji alipaka nyeupe. Wapi! Aliacha karatasi wazi, kisha akaizungushia rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka. Ule mng'ao halisi wa gudulia ulitokana na chumvi ambayo mfinyanzi aliitupa ndani ya tanuri lenye moto mkali. Ndiyo maana udongo una vishimo vidogo kama ganda la chungwa.

Michoro ya aina hii ilitoka Marekani kati ya 1935 na 1942, katika mradi wa Index of American Design. Uchumi ulikuwa umeanguka, kazi hakuna, wasanii wanasota kama wengine. Serikali ikawaajiri takriban 400 wachore vitu vilivyotengenezwa kwa mkono: magudulia, mablanketi ya viraka, wanasesere, viti. Mbona wasitumie kamera tu? Picha za rangi wakati huo zilikuwa ghali, na rangi zenyewe hazikuaminika. Wakachora zaidi ya vitu 18,000. Leo michoro hiyo imehifadhiwa National Gallery of Art, Washington, na mingi unaweza kuitazama bure mtandaoni.

Sasa fikiria. Mara nyingi jina la mfinyanzi halijulikani. Alitengeneza chombo cha kuwekea siki, si cha makumbusho. Miaka mingi baadaye, mtu aliyekuwa hana kazi anaketi mbele yake kwa utulivu, anafuata kila mahali buluu ilipochuruzika. Penye ufa, anachora ufa. Halirembeshi. Hiyo ndiyo heshima.

Na kile kiondo cha shosho kiko wapi? Kile cha katani, chenye mkanda wa ngozi uliokatika? Kabla hakijatupwa, keti nacho na penseli na rangi. Hata mchoro ukiharibika, si noma. Utakuwa umegundua alianzia wapi: chini kabisa, katikati, akapanda akizunguka polepole hadi mdomoni.